Moyo Mgeni katika Gari la Mwalimu

Wahenga walilonga kuwa la kuvunda halina ubani. Nimeutumia usemi huo katika insha tangu nikiwa shule ya msingi bila ya kuujua uzito wake, hadi usiku mmoja wa Agosti mwaka wa 2022, gari la baba yangu lilipozimika katikati ya kilima baina ya Mwatate na Wundanyi, ukungu ukiwa umetanda kiasi cha kwamba ncha ya boneti haikuonekana. Tulikuwa tukirejea kutoka kliniki ya macho mjini Voi. Kipimajoto kilikuwa kimekwisha kufika kwenye alama nyekundu kabla hatujaimaliza kona ya tatu, mvuke ukaanza kufuka, kisha injini ikatoa sauti kama ya mtu anayejaribu kumeza kitu kikavu, ikanyamaza. Breki ya mkono ya gari hilo haikuwa ya kutumainiwa. Nilibaki nimekanyaga breki kwa mguu, nisiweze kushuka, na kabla sijasema lolote nikausikia mlango wa abiria ukifunguliwa. Baba, ambaye wakati huo alikuwa haoni ila vivuli, alishuka, akainama, akapapasa kando ya barabara mpaka akapata jiwe, akaenda nalo huku mkono mmoja ukiambaa kwenye bodi ya gari hadi kwenye gurudumu la nyuma, akalitega. Kisha akasimama pale pale, nyuma ya gari, taa zikiwa hafifu kama makaa yanayozimika, naye amevaa koti jeusi. Lori lilipotokea chini likipanda, nilipiga ukelele ambao sijawahi kuupiga tena. Dereva alimwona. Hayo mengine sitayasimulia.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla, lile ambalo Wakenya wa rika zote hulijua kwa herufi mbili tu: DX. Kiwandani liliitwa KE70, nalo ni la kizazi cha nne cha Corolla, kizazi kilichoanza kuundwa mwaka wa 1979. Ni gari lenye pembe nne kama sanduku la bati la wanafunzi wa bweni, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, lisilo na madaha yoyote. Katika tarafa yetu, wakuu wa shule walikuwa na Peugeot 504. Mwalimu wa kawaida, akibahatika, alikuwa na DX. Baba alibahatika mwaka wa 1985, kwa mkopo wa chama cha ushirika cha walimu alioulipa hadi nilipokuwa nimezaliwa na kujua kutembea. Alifundisha Kiswahili kwa miaka 36 katika shule za msingi, na wanafunzi wake walilipachika gari lake jina la Mwalimu wa Zamu, maana popote lilipoonekana, watoro walijua siku imeharibika.

Injini iliyozaliwa na gari hilo ni 4K, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1290. Ni injini ya heshima. Bloku yake ni ya chuma cha kusubu, kichwa chake ni cha aluminiamu, kamshafti yake imelala ndani ya bloku na kuzisukuma valvu kwa vijiti virefu, na badala ya mkanda wa mpira wa kukatika ovyo ina mnyororo. Fundi wa kijijini anaweza kuifungua yote kwa spana chache na subira. Hata hivyo, kila kiumbe kina ajali yake. Silinda za 4K zina kipenyo cha milimita 75. Zikichakaa, huchongwa upya na kutiwa pistoni kubwa kidogo. Yetu ilikuwa imechongwa mara mbili, na ukuta wa silinda hauna unene wa kuchongwa milele. Kufikia mwaka huo wa 2022 ilikuwa inakunywa oili kama ng'ombe wa kiangazi anavyokunywa maji, inafuka moshi wa samawati, na kila ilipokabiliwa na mlima mrefu, maji yalichemka.

Kaka yangu aliye Nairobi alikuwa na jawabu moja tu: liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, tuchange fedha, tununue kigari kidogo kutoka Japani. Sikumlaumu. Yeye hulipa karo za watoto watatu na hana muda wa kubembeleza chuma. Lakini alikuwa hajaishi nyumbani kwa muda mrefu, na kwa hiyo hakuwa analijua jambo moja nililolijua mimi niliyekuwa nikirudi kila likizo ya chuo.

Jambo lenyewe ni hili. Presha ya macho ilimnyang'anya Baba nuru polepole, kama mtu anayepunguza utambi wa taa. Kwanza alipoteza pembeni, kisha vitabu, kisha nyuso. Akawa anakaa barazani kuanzia alasiri, akisikiliza. Kutoka kwetu barabara inasikika kuanzia kona ya mbali kule chini, na Baba alikuwa na uwezo wa kulitambua gari lake miongoni mwa matatu na malori yote yanayopanda. Kabla hata sisi wenye macho hatujasikia kitu, yeye angesema, "Wekeni chai, huyo anakuja," na kweli baada ya dakika kumi ningekuwa nimefika langoni. Mara nyingine alitaja hata gia niliyokuwa nayo. Alinilaumu kwa kuchelewa kushusha gia kwenye kona ya pili, nami nilikuwa nimechelewa kweli. Mtu aliyepoteza nyuso za wanawe, ukimnyang'anya na sauti ya gari lake, umemwachia nini?

Na papo hapo nikikumbuka lile lori.

Nilimwendea fundi wetu wa Voi, mzee wa makamo ambaye karakana yake ni mwembe mmoja, mabati sita na shimo la kushukia chini ya magari. Amelitunza gari la Baba kwa miaka mingi. Humwita Baba "Mwalimu" kwa kuwa alimfundisha darasa la sita. Nilimweleza habari za usiku ule. Alinyamaza, akafuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Binti, hiyo 4K imeshatoa sadaka zote. Tuitafutie nduguye." Kwa hoja yake, hatukuhitaji kuvunja gari kulitia injini ya kigeni. Injini za familia ya K zilianza mwaka wa 1966 katika Corolla ya kwanza kabisa, ikiwa na sentimita za ujazo 1077, zikaendelea kuzaana: 3K, 4K, 5K, hadi 7K, iliyotumika katika magari ya kubebea watu na mizigo kama TownAce, ambayo yameletwa nchini kwa wingi kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Ukubwa umebadilika, umbo la nasaba halikubadilika. Bloku ya 7K, alisema, hukutana na giaboksi ya DX kama watu wa mbari moja wanavyokutana matangani: hawajaonana miaka, lakini kila mmoja anajua mahali pa kukaa.

Mimi ni mwanafunzi wa isimu, si wa ufundi, ila hesabu haikunishinda. Pistoni ya 4K husafiri milimita 73 juu na chini; ya 7K husafiri milimita 87.5, ndani ya silinda yenye kipenyo cha milimita 80.5. Ukizidisha eneo la duara kwa mwendo wa pistoni, kisha kwa silinda nne, unapata sentimita za ujazo 1781, yaani takribani 490 zaidi ya zile tulizokuwa nazo. Aidha, mwendo mrefu wa pistoni huleta nguvu mapema, injini ikiwa bado inazunguka polepole, na hiyo ndiyo nguvu inayotakiwa na mtu anayepanda kwenda Wundanyi akiwa na mgonjwa na gunia la mkaa. Hatukutaka mbio. Nasisitiza hili kwa sababu kila niliyemsimulia alidhani nilitaka kushiriki mashindano ya Safari.

Kuitafuta 7K kulinifunza mengi kuhusu binadamu. Mfanyabiashara wa kwanza, mjini Mombasa, alinionyesha injini safi iliyopakwa rangi ya fedha, bei nafuu mno. Kwa pupa ya mgeni nilimkabidhi shilingi 10,000 za kuishikilia. Fundi alipokuja siku ya pili, hakugusa pistoni wala plagi. Aliinama moja kwa moja hadi kwenye kile kijisehemu bapa cha bloku ambapo nambari ya injini hugongwa, akapitisha kidole. Palikuwa laini kama kioo. Nambari ilikuwa imesagwa. "Twende," alisema. Nilidai fedha zangu. Yule bwana alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza mvua inatoka wapi. Fedha zile ziko kwake hadi leo. Rahisi inavyogharimu, nilijisemea, nikacheka ili nisilie.

Ya pili tuliipata baada ya wiki tatu kwa shilingi 68,000, ikiwa na nambari inayosomeka na stakabadhi za forodha zilizokubaliana nayo. Hapo ningependa kuwaasa wenzangu wenye nia kama yangu: nambari ya injini imeandikwa katika kitabu cha umiliki wa gari pamoja na ujazo wake, na ukiibadilisha injini bila kuarifu mamlaka ya usafiri, ukakaguliwa barabarani, utaeleza mpaka koo likauke. Kuna ombi la kubadilisha maelezo ya gari, kuna ukaguzi, kuna kuonyesha injini imetoka wapi. Bima nayo hutaka kujua. Nilipitia hatua hizo zote, na sina la kusimulia kuzihusu ila kwamba zilichukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe ya spana.

Kazi ya spana ilianza wiki ya kwanza ya Desemba. Niliomba kuwapo. Vijana wa karakana walinipa kiti cha plastiki kivulini, fundi akakiondoa na kunipa surupwenye. Ni siku hizo ndizo zilizonifanya nitamani kuandika makala haya, maana nilipata darasa ambalo sikulipata katika mihadhara ya leksikografia. Kila kitu pale chini ya mwembe kilikuwa na jina, na jina lilikuwa na historia. Baadhi ya maneno yalikuwa yametoholewa na kuvaa kanzu ya Kiswahili muda mrefu: kabureta, giaboksi, klachi, rejeta, distributa. Mengine yalikuwa yamezaliwa pale pale. Bomba la juu la rejeta ni "koo". Ile sauti ya vali zisizokaa sawa ni "kucheza karata". Injini iliyokwisha nguvu "imekata pumzi", na ile iliyokufa ghafla bila onyo "imekwenda bila wosia". Niliyaandika katika daftari lenye madoa ya oili, nalo lipo. Nilipomwuliza fundi jina la kazi tuliyokuwa tukiifanya, yaani kuiondoa injini moja na kutia nyingine isiyo yake, alifikiri kidogo, akasema, "Hapa tunasema tunalioza gari."

Kwamba injini hizi ni ndugu haina maana kwamba zilikubaliana kwa kila jambo. Katika gari kubwa la abiria, 7K hukaa chini ya viti ikiwa imelala upande, na kwa sababu hiyo karai lake la oili limeundwa kwa mlalo huo. Ukiisimamisha ndani ya DX kwa karai hilo, oili itakaa mahali pasipofaa. Fundi alilitoa karai la 4K pamoja na mfyonzo wake wa oili, akalifunga chini ya 7K, likakaa. Mabano ya kushikilia injini nayo yalitoka kwa marehemu. Kisha kulikuwa na suala la mafuta. Injini tuliyoinunua ilikuwa ya kupuliziwa petroli kwa kompyuta, ikiwa na vihisio, pampu yenye shinikizo kubwa na shada la nyaya lililonifanya nikumbuke michoro matawi ya sentensi changamano. Tungeweza kuhamisha yote hayo, lakini fundi aliuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Ikizima kule juu usiku, nani atakuwa na kompyuta ya kuiuliza inaumwa na nini?" Tukaiweka kando kompyuta. Akaitia mfumo wa zamani: kabureta na mkono wake wa kuingizia hewa kutoka 5K, na distributa ya 5K, vitu vinavyotengenezeka kwa bisibisi. Wapo watakaosema tuliirudisha nyuma injini ya kisasa. Na waseme.

Jambo la kuchekesha ni boneti. Bloku ya 7K ni ndefu kwenda juu kuliko ya 4K, ndiyo gharama ya ule mwendo mrefu wa pistoni. Tulipokwisha kuifunga, tukaushusha mfuniko, ukagoma. Kichujio cha hewa kilikuwa kimeugusa. Vijana walipendekeza tukate tundu, gari liwe na nundu kama magari ya mashindano. Nilikataa katakata, nilijua mikono ya Baba inavyolijua gari hilo. Fundi alitafuta kichujio kifupi zaidi, kisha akaingiza vipande vyembamba vya chuma chini ya bawaba za boneti, ukainuka nyuma kwa unene wa kidole. Kwa macho huoni. Nilishusha pumzi, nikidhani hila imekamilika.

Rejeta ilibadilishwa, ikawekwa yenye safu nyingi zaidi. Klachi iliwekwa kubwa. Giaboksi ilibaki ile ile ya gia nne, na fundi alinionya nisiikanyagie petroli kwa ghadhabu nikiwa gia ya kwanza, kwa kuwa meno yake yaliundwa kwa ajili ya nguvu ya injini ndogo. Tulipoiwasha mara ya kwanza, jioni ya siku ya tisa, ilikohoa mara mbili, ikashika. Karakana nzima ilinyamaza. Haikuwa sauti ya 4K. Ile yetu ilikuwa na sauti nyembamba, ya haraka haraka, kama cherehani. Hii ilikuwa nzito, ya chini, kama mtu mzima anayeguna kukubali jambo. Vijana walishangilia. Mimi nilihisi tumbo likinikata.

Kwa maana, msomaji, sikuwa nimemwambia Baba. Nilimwambia gari "linatengenezwa". Kitenzi kutengeneza kina ukarimu mkubwa: hukubali kubadilisha plagi moja na hukubali kuunda upya kitu kizima, na mimi, niliyelelewa na mwalimu wa Kiswahili, nilijificha ndani ya ukarimu huo kwa makusudi. Nilijiambia kwamba mzee hana haja ya kusumbuliwa. Ukweli ni kwamba niliogopa angekataa, nami nilikuwa nimekwisha kuapa kwamba hatasimama tena gizani nyuma ya gari hilo akiwa na jiwe mkononi.

Nilipanda kilima Jumamosi alasiri. Lile gari lilipanda. Sina njia bora ya kulieleza. Kona ya tatu, ambapo zamani ningekuwa nimeshuka hadi gia ya kwanza huku nikiomba dua, niliipita kwa gia ya pili bila ya kukanyaga sana, mshale wa joto ukiwa umetulia katikati. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Niliingia langoni, nikaona Baba ameketi barazani, uso umeelekea barabarani. Hakusimama. Hakuna aliyekuwa ameweka chai. Nilizima injini na kufungua mlango, na kabla sijasalimu alisema kwa adabu anayowapa watu asiowajua:

"Karibu, mgeni. Karibu upumzike. Wenyewe wapo."

Nimesoma tanzia nyingi kwa ajili ya mitihani. Hakuna iliyonipiga kama maneno hayo.

"Ni mimi, Baba," nilisema. "Shikamoo."

Alichelewa kuitikia. "Marahaba. Umekuja na gari la nani?"

Nilisema ni letu. Alinyanyuka, akaja akipapasa hewa, nikamshika mkono nikamfikisha. Alianza na taa ya mbele ya kulia, pale palipo na kovu la mwaka ambao kaka yangu aligonga mti wa mparachichi. Akalikuta kovu. Akapitisha viganja juu ya boneti, taratibu, kuelekea kwenye kioo, na kwenye ile bawaba vidole vikasimama. Akapima mwinuko kwa ukucha.

"Mmeweka nini humu ndani?"

Nilimweleza yote, hata zile shilingi 10,000. Hakupandisha sauti, hajawahi kuwa mtu wa kupandisha sauti, hata darasani. Alisema, "Macho ndiyo yaliyokufa, mwanangu. Mimi sijafa," akaingia ndani. Kwa siku kumi na moja hakulikaribia gari. Miadi ya kliniki ilipofika alipanda matatu, nami nikamfuata kwa matatu hiyo hiyo, tumeketi bega kwa bega bila ya kusemezana. Gari lenye nguvu kuliko yote katika historia ya ukoo wetu likabaki limeegeshwa chini ya mti, kuku wakilala juu yake.

Siku ya kumi na mbili aliniita barazani. Alitaka nimweleze kazi hiyo tangu mwanzo, kwa utaratibu, kama mwanafunzi anayetetea tasnifu. Nilianza na ile 1077 ya mwaka wa 1966, nikapanda nasaba nzima hadi 7K, nikataja karai la oili, mabano, giaboksi ya zamani iliyokubali kupokea bloku mpya. Aliposikia kwamba ni K zote, aliinua kichwa. "Kwa hiyo mzizi haukubadilika?" aliuliza. Nikasema haukubadilika. "Basi hamkuleta neno la kigeni. Mmenyambua tu." Alitabasamu, tabasamu dogo la mwalimu aliyepata mfano mzuri wa kufundishia. Nilidhani nimesamehewa, lakini akauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza kule karakana, si mimi, si vijana, ingawa namshukuru Mungu kwamba fundi alikuwa amelifikiria bila ya kuulizwa: "Kupanda nimesikia. Kushuka je?"

Nilimwambia kwamba pedi na mipira ya breki za mbele ilikuwa mipya, breki za nyuma zimefunguliwa na kusafishwa, na breki ya mkono, ile iliyotusaliti, imetiwa waya mpya. Alitaka kuhakikisha mwenyewe. Tulishuka pamoja hadi Mwatate asubuhi hiyo, polepole, kwa gia ya pili, injini ikilizuia gari kwa ile sauti yake nzito. Katika mteremko mkali kuliko yote aliniamuru nisimame, nivute breki ya mkono na kuondoa mguu. Gari halikusogea hata inchi. Alikaa kimya kwa muda, dirisha limefunguliwa, akisikiliza. Kisha akaniuliza kama injini ile nyingine tumeiuza.

Hatukuwa tumeiuza. Ilikuwa imelala kwenye kona ya karakana, imefunikwa gunia. Alitaka iletwe nyumbani, nasi tukaileta kwa pikapu ya kukodi, watu wanne wakaishusha. Iko bandani, juu ya magogo mawili. Kaka yangu alipokuja Krismasi aliitazama, akanitazama mimi, akatikisa kichwa, lakini nilimkuta baadaye amesimama pale peke yake, mkono juu ya ule mfuniko wa valvu wenye michirizi ya kutu.

Kitabu cha umiliki kilichorekebishwa kilitoka mwezi wa Machi mwaka wa 2023. Nilimsomea Baba. Aliniomba nirudie mahali palipoandikwa ujazo, nikarudia: 1781. Nambari ya chasisi, aliuliza, ni ile ile? Nikamwambia ni ile ile. Akaomba akishike, akakikunja na kukitia katika bahasha ya kaki anamohifadhi vyeti vyake vya ualimu.

Mafuta, nikiri, linakula zaidi. Safari iliyokuwa ikinitosha kwa lita nane sasa huomba tisa na ushei, na kwa bei za miaka hii hilo si jambo la kutajwa kwa mzaha. Meno ya giaboksi nayo nayasikiliza kwa wasiwasi kila ninapoondoka kutoka kusimama. Siku moja tutalazimika kuibadilisha na hiyo, na kaka yangu amekwisha kuuliza kwa kejeli ni sehemu gani ya gari itakayobaki kuwa ya Mwalimu.

Likizo iliyopita nilifika jioni, ukungu ukianza kushuka. Dada yangu mdogo alikuja mbio kunifungulia lango huku akicheka. Baba alikuwa amelisikia gari pale pale kwenye kona ya mbali, akasema, kama zamani, "Wekeni chai, huyo anakuja." Ila kwa kuwa siku hizi kile kilima hakinichukui dakika kumi tena, niliwakuta sufuria ndiyo kwanza imetengwa jikoni, na Baba barazani ananung'unika kwamba nimeendesha kwa kasi. Sikuwa nimeendesha kwa kasi. Nilikaa kando yake, tukangoja maji yachemke.